Rotorua kwa Fedha za Kuhesabu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Gari Kwenye Mji wa Jotoardhi

Rotorua, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, ni mji ambao ardhi yake inachemka hadharani. Mvuke unafuka kando ya nyumba za watu, bustani ya umma ina mabwawa ya tope linalotokota, na harufu ya salfa inakupokea kabla hujaona kibao cha kukukaribisha.

Wanaokwenda huko kwa gari na bajeti finyu hukwama sehemu tatu zilezile. Kwanza, wanamaliza fedha siku ya kwanza kwa tiketi za vivutio vinavyofanana. Pili, wanalala mahali pasiporuhusiwa na kuamka na faini. Tatu, wanaingia kwenye maji moto bila kujua kanuni ambazo mwenyeji anazijua tangu utotoni.

Mpango ninaoutetea hapa ni huu: anza na joto la bure, lipia kivutio kimoja tu, na lala kihalali kila usiku. Siku mbili kamili na usiku mbili zinatosha. Bei zote zinazotajwa ni dola za New Zealand.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

- Leseni ya udereva iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kama yako iko kwa lugha nyingine, beba tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha udereva. Kampuni ya kukodisha gari haitakupa ufunguo bila hivyo.
- Kadi ya benki yenye nafasi ya kutosha kwa ajili ya dhamana ya gari. Fedha hizo hufungiwa mpaka urudishe gari, kwa hiyo usizihesabu kwenye matumizi.
- Nguo ya kuogelea iliyochakaa kidogo na taulo la rangi ya giza. Maji yenye madini huacha harufu na madoa yasiyotoka kirahisi.
- Kandambili, na viatu vya kufunika vidole kwa njia za vumbi na kokoto.
- Jiko dogo la gesi, sufuria, kisu na boksi la kuhifadhia baridi. Chakula cha mgahawani ndicho kinachotoboa mfuko kimyakimya.
- Sweta na koti la mvua, hata Januari ambapo huko ni kiangazi.
- Mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, wa kuwekea vito vya fedha. Gesi ya mji huu huvifanya vyeusi.

Kama unaingia nchini na hema au viatu ulivyokwisha kuvitumia porini, visafishe mpaka tope lote litoke, kisha vitangaze kwenye fomu ya kuingia nchini. Vyakula navyo vitangaze, hata tunda moja. Usipotangaza, faini ya papo hapo ni dola 400, na hapo safari ya bei nafuu imekwisha kabla haijaanza.

## Hatua ya 1: Chagua gari kwa hesabu kamili

Usilinganishe bei ya siku peke yake. Uliza mambo matatu.

Mafuta gani? Gari la petroli hulipa kodi ya barabara ndani ya bei ya mafuta. La dizeli hulipa ada tofauti kwa kila kilomita, na kampuni nyingi za kukodisha hukudai ada hiyo unaporudisha gari. Dizeli inaonekana rahisi pale kituoni, kumbe nusu ya habari imebaki. Jumlisha ada hiyo kabla hujaamua.

Kuna choo ndani? Hili linahusu kampavani, yaani gari lenye kitanda ndani. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 inataka gari linalolala bure kwenye maeneo ya halmashauri yaliyotengewa magari yanayojitosheleza liwe na choo kilichofungwa imara ndani yake, kinachotumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Gari lililokaguliwa hubandikwa cheti, na cheti kipya ni cha kijani. Ndoo au choo cha kubebea mkononi hakikubaliki tena.

Bima inaacha nini nje? Soma sehemu ya barabara za kokoto. Baadhi ya mikataba haikulindi ukiharibu gari huko, na hatua ya 6 ina kipande cha namna hiyo.

Ushauri wangu kwa watu wawili ni gari dogo la petroli na hema, au gari dogo na hosteli. Kampavani huleta nafuu pale tu mnapokuwa wengi, au mnapopata gari la kuhamishwa: kampuni hutoa magari kwa bei ya chini sana ili yasafirishwe kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Tatizo lake ni kwamba unapewa siku chache na huwezi kuzurura.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba moja mkononi: gari, bima, mafuta na ada zote zimejumlishwa, zimegawanywa kwa idadi ya abiria.

## Hatua ya 2: Barabara ya kwenda

Kutoka Auckland ni takriban kilomita 230, saa tatu hivi bila kusimama. Unafuata barabara kuu namba 1 kupita Hamilton na Cambridge hadi Tīrau, kisha unaingia namba 5 inayovuka safu ya Mamaku na kuteremka hadi ziwa Rotorua. Njia hiyo haina kituo cha tozo. Ukipitia Tauranga utakutana na barabara za kulipia zisizo na kizuizi wala mtu wa kupokea fedha. Kamera husoma namba ya gari, nawe unatakiwa kulipa mtandaoni ndani ya siku tano. Ukisahau, kampuni ya gari itakukata ada yake juu ya tozo.

Gari huendeshwa upande wa kushoto, kama Afrika Mashariki. Kikomo cha kawaida ni kilomita 100 kwa saa nje ya mji na 50 mjini, isipokuwa kibao kiseme vingine. Juni hadi Agosti, Mamaku huwa na ukungu na barafu alfajiri. Ivuke jua likiwa limepanda.

Jaza mafuta na nunua chakula kabla ya kufika kwenye vivutio. PAK'nSAVE ndiyo supamaketi ambayo wenyeji wengi huitaja kwa bei ya chini, na ipo Rotorua kwenyewe. Programu ya simu iitwayo Gaspy huonyesha bei za mafuta kituo kwa kituo. Tofauti kati ya vituo viwili vya mji mmoja inaweza kukushangaza.

## Hatua ya 3: Weka kitanda kwanza, vivutio baadaye

Watu wengi hufanya kinyume. Wanafika saa kumi na mbili jioni na kuanza kutafuta pa kuegesha. Giza likiingia wanaamua kulala kando ya ziwa. Eneo la wazi lisilo na uzio halimaanishi ruhusa ya kulala. Faini ni mamia ya dola, na hubandikwa kwenye kioo wakati umelala.

Una chaguo tatu za maana.

*Kambi za idara ya uhifadhi, inayoitwa DOC.* Ziko nje ya mji, kwa mfano kando ya ziwa Ōkāreka na ziwa Rerewhakaaitu. Ni nafuu, zina choo na maji, lakini usitegemee jiko wala bafu la moto. Baadhi hutaka ujiandikishe mtandaoni kabla.

*Hosteli na kambi za magari mjini.* Hapa ndipo Rotorua inapowatendea wema watu wa bajeti ndogo. Baadhi ya kambi na nyumba za wageni za kawaida zina mabwawa yao ya maji ya ardhini ya kuogea, na chache zina majiko ya mvuke wa ardhini ambamo unaweka chungu chako na kukiacha kiive chenyewe. Kabla ya kulipa, uliza: "Bwawa lenu linapata maji ya moto ya ardhini, na liko ndani ya bei?" Ukijibiwa ndiyo, umeokoa tiketi ya kuogea.

*Kambi ya Waikite Valley.* Iko kusini mwa mji, kwenye bonde lenye chemchemi kubwa ya maji yanayochemka iitwayo Te Manaroa. Maji yake hupozwa kwanza, kisha hupelekwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Wanaolala kambini hupata kuingia kwenye mabwawa pamoja na malipo ya kulala. Kwa msafiri mwenye gari, mimi ningeitazama hii kabla ya nyingine zote kwa usiku wa pili.

Onyo la afya: harufu ya mayai yaliyooza unayoisikia ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya sehemu za chini zisizopitisha upepo. Pua huizoea haraka, na kutoisikia tena si ushahidi kwamba imeondoka. Lala dirisha likiwa wazi kidogo, usizibe matundu ya hewa ya chumba au ya kibanda cha bwawa hata kama kuna baridi, na usipige hema kwenye shimo au bonde dogo karibu na mvuke. Mwenye pumu aende na dawa yake na akae sehemu yenye upepo.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza usilipe popote

Siku hii ina kazi moja: kuona jotoardhi ya bure ili kesho ujue unalipia nini.

Anzia Kuirau Park, karibu na katikati ya mji. Kuingia ni bure. Kuna ziwa linalofuka mvuke lenye daraja la mbao juu yake, mabwawa ya tope yaliyozungushiwa uzio, na mabwawa madogo ya kuchovya miguu. Kaa hapo na taulo lako. Miguu iliyokanyaga pedali saa tatu itakushukuru. Jaribu maji kwa vidole vya mkono kabla ya kuchovya mguu, kwa sababu joto lake si lilelile kila siku. Jumamosi asubuhi kuna soko hapo bustanini, pazuri kwa mboga na vitafunwa.

Uzio wa bustani hii uheshimu kwa dhati. Mwaka 2001 ardhi ililipuka hapo na kurusha tope na mawe hewani. Tabaka la juu linaweza kuonekana gumu, kumbe chini yake ni maji yanayochemka. Mshike mtoto mkono muda wote.

Kisha tembea kwenda Ōhinemutu, kijiji cha Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ukingoni mwa ziwa. Kuna nyumba ya mikutano ya Tamatekapua yenye nakshi za mbao, na kanisa la St Faith's, ambalo dirisha lake lina mchoro wa Yesu aliyevaa joho la Kimaori. Ukiketi kwenye benchi, anaonekana kama anatembea juu ya maji ya ziwa lililo nyuma ya kioo. Mvuke hutoka kati ya nyumba. Lakini hizo ni nyumba za watu, na makaburi yaliyopo ni ya wazee wao. Usiingie uani, usipige picha mahali palipokatazwa, na usivuke kamba. Kama kuna kisanduku cha mchango kanisani, tia kitu.

Maliza kwa njia ya miguu inayoanzia bustani za Government Gardens hadi Sulphur Point. Ni tambarare. Maji ya ziwa huko yana rangi ya maziwa, ufuo umeungua kwa salfa, na ndege wa majini wamejaa. Nenda saa za jioni mwanga ukiwa umelala. Kwangu mimi hapa panazidi baadhi ya sehemu za kulipia.

Jioni ikifika na pochi haijafunguliwa ila kwa chakula, siku imekwenda sawa.

## Hatua ya 5: Siku ya pili lipia kivutio kimoja, na ulipie asubuhi

Sasa chagua. Msafiri asiyechagua huishia kulipia vyote.

Unataka rangi? Nenda bustani ya jotoardhi ya Wai-O-Tapu, karibu kilomita 30 kusini kwa barabara namba 5. Champagne Pool, bwawa lake maarufu, lina upana wa mita 65 na kina cha mita 62. Maji ya juu yana nyuzijoto 74 hivi, mapovu ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukingo wa rangi ya chungwa unatokana na misombo ya aseniki na antimoni.

Unataka maji yanayoruka? Chemchemi ya Pōhutu, iliyo bonde la Whakarewarewa pembeni mwa mji, hurusha maji hadi mita 30 mara nyingi kwa siku. Unaweza kuiona kutoka kivutio cha Te Puia, ambako pia kuna shule za kuchonga na kusuka za Kimaori, au kutoka kijiji cha Whakarewarewa kilicho jirani, ambako familia bado zinaishi na kupika kwa maji ya ardhini. Kijiji kina tiketi ya chini zaidi. Unaitazama Pōhutu kwa mbali kidogo, lakini unaona namna watu wanavyoishi na joto hilo, na fedha yako inabaki kijijini.

Kwa safari ya kwanza na gari likiwepo, ningechagua Wai-O-Tapu, kwa kuwa barabara ya kwenda huko imejaa vitu vya bure. Panga hivi:

1. Nunua tiketi mtandaoni usiku uliotangulia, na hakikisha siku hiyo pamefunguliwa.
2. Kwenye tiketi yako kuna Lady Knox, chemchemi inayorusha maji kila siku saa nne na robo asubuhi. Mfanyakazi huweka sabuni kwenye tundu lake, sabuni hupunguza mvuto wa uso wa maji, na maji yaliyozuiliwa chini hupasuka kwenda juu. Iko mbali kidogo na lango kuu, unakwenda kwa gari. Ukifika saa nne na nusu, umeikosa hadi kesho.
3. Kiangazi, ingia bustani kuu lango linapofunguliwa, tazama Champagne Pool watu wakiwa wachache, kisha wahi Lady Knox. Wakati wa baridi fanya kinyume, kwa sababu mvuke wa asubuhi hufunika bwawa lote na huoni rangi. Subiri jua lipande.
4. Tembea njia yote, kilomita 3. Wengi hugeuzia Champagne Pool na kukosa bwawa la kijani kibichi lililo karibu na mwisho.

Ukitoka, simama kwenye bwawa la tope kwenye barabara ya mzunguko ya Waiotapu. Ni bure, lina jukwaa la kutazamia, na tope lake huruka kwa mlio mzito. Dakika 20 hapo ni fedha iliyookolewa. Ukirudi kaskazini, Rainbow Mountain ina njia fupi ya bure hadi kwenye mtazamo wa maziwa ya kreta, na njia ndefu hadi kileleni kwa mwenye miguu.

## Hatua ya 6: Kuoga porini bila kujiumiza

Kerosene Creek ni kijito cha maji ya uvuguvugu msituni, chenye maporomoko madogo, hakina kiingilio. Unaingia Old Waiotapu Road kutoka barabara namba 5 na kwenda kama kilomita 2 za kokoto. Hapa ndipo swali la bima la hatua ya 1 linapohusika. Endesha polepole.

Kabla hujavua viatu, zingatia haya:

Kichwa kisiingie majini. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya maji moto ya asili New Zealand. Kuna ameba anayeishi kwenye maji ya uvuguvugu yanayogusana na udongo. Akipita puani anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo ambayo karibu kila mara huua. Kumeza si hatari kubwa, bali pua. Usipige mbizi, usirushiane maji usoni, na mtoto asiyeweza kutii abaki anachovya miguu tu. Ukipata homa, maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa siku zinazofuata, nenda hospitali mara moja na uwaambie ulioga kwenye maji ya jotoardhi.

Pima kabla ya kila hatua. Kijito kimoja kinaweza kuwa na sehemu ya vuguvugu na sehemu ya kuunguza mita chache mbele. Mvua huyapoza, ukame huyachemsha. Kama hakuna mtu majini na hakuna kibao kinachoruhusu kuoga, usiingie.

Dakika 15 hadi 20, kisha toka. Kunywa maji ya kawaida, pumzika, rudi ukitaka. Pombe na maji moto havichanganywi, kwa sababu shinikizo la damu hushuka ghafla na mtu huzimia majini. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamuulize daktari kwanza.

Gari libaki tupu. Maegesho ya huku yana sifa ya wizi wa kuvunja vioo. Pasipoti na simu nenda navyo kwenye mfuko usioingia maji, mizigo iache kwenye malazi. Usilale hapo.

Ukitoka ngozi ikiwa nyekundu kidogo na mwili mwepesi, kila kitu kiko sawa. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini kivulini na usishike usukani mpaka kiishe.

Jambo moja kuhusu ajali: New Zealand ina mpango wa taifa uitwao ACC unaogharamia sehemu ya matibabu ya walioumia, wageni wakiwemo. Hauhusiki na ugonjwa, mizigo iliyoibwa wala tiketi ya ndege iliyopotea. Bima ya safari bado unaihitaji. Namba ya dharura ni 111.

## Hatua ya 7: Kuondoka kwa njia ya Taupō

Kama huna haraka, teremka kusini hadi Taupō, karibu kilomita 80 kutoka Rotorua. Ndani ya bustani ya Spa Thermal Park kuna kijito cha Otumuheke, maji ya moto yanayoingia mto Waikato, na kuoga ni bure. Kaa pale maji mawili yanapokutana ujichagulie joto lako. Kanuni ya kichwa inafuata hadi huku. Kutoka hapo kuna njia ya miguu hadi maporomoko ya Huka, nayo bure.

Kabla ya kurudisha gari, jaza tangi kwenye kituo kilicho nje ya eneo la uwanja wa ndege, piga picha ya kilomita na ya kila upande wa gari, na fungua milango kwa muda ili harufu ya salfa ipungue kwenye viti na mataulo. Barua pepe za mkataba usizifute mpaka dhamana imerudi kwenye kadi.